Mishipa Myeupe ya Mzee Yoeli

Wanangu mnaoingia kazi ya picha za hospitali, nimesikia mnavyosema kwamba mimi nilikuwa mama wa kushuku kila kitu. Kijana mmoja niliyemfundisha alithubutu kuniambia usoni siku ya kuniaga: "Mama Koku, wewe hata ukikaribishwa chai na malaika, utauliza maji yametoka kisima gani." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kikombe nilichopewa siku ile nilikitazama mara mbili kabla ya kunywa.

Sikatai. Nimefanya kazi ya mionzi zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia chumba cha giza, nikisafisha filamu kwa dawa zilizotoboa magauni yangu, nikamalizia mbele ya kioo cha kompyuta. Sasa niko nyumbani Bugene na migomba yangu, kahawa kidogo, na goti la kushoto linalojua mvua kabla ya redio. Hospitali niliyomalizia kazi sitaitaja. Waliokuwepo wanajijua.

Kushuku nilifundishwa, sikuzaliwa nako. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Bandiho, mpiga eksirei wa kizamani, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na mpangilio wake. "Picha ikikushangaza," aliniambia, "mshuku kwanza aliyeipiga. Halafu shuku mashine. Halafu karatasi. Mgonjwa awe wa mwisho." Na kwa kuwa aliyepiga picha mara nyingi nilikuwa mimi, nilishukiwa sana ujana wangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kifua cha bibi mmoja wa Kyerwa. Filamu ilipokauka, katikati ya pafu palikuwa na kitu cha mviringo, cheupe kama mwezi. Nikakimbia nayo wodini nikitangaza kwamba bibi amemeza sarafu. Mzee Bandiho alikwenda kwa bibi, akamsalimia, akaomba ruhusa, akafunua fulana. Ndani yake ilikuwa imebanwa medali ya Bikira Maria, kwa pini.

"Nilimwambia avue kila kitu!" nikajitetea.

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Bibi huyu anasikia Kinyambo tu. Alipoona unaongea sana, akaitikia kwa heshima."

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mgonjwa kama amevua. Nilitazama kwa macho yangu. Mashine ya CT ilipokuja, na akina dada wakaja na nywele za kusukwa, nilipapasa vichwa vyote kutafuta vibanio na shanga, maana kibanio kimoja kinaweza kumfanya daktari aone risasi.

Kabla sijafika kwa mtu niliyekusudia kumsimulia, kuna jambo moja la kazi nataka mlielewe. Kwenye picha ya CT ya kichwa iliyopigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, mfupa ni mweupe kabisa, maji ni meusi, ubongo ni kijivu. Damu inayotembea vizuri ndani ya mshipa nayo ni kijivu, imeuzidi ubongo weupe kidogo tu. Ukiwa na haraka huioni. Damu ikiganda ndani ya mshipa, inang'aa. Ikivuja nje ya mshipa, inang'aa. Na ikiwa nzito, yaani chembe nyekundu zimebanana kama watu kwenye mnada, nayo inang'aa. Mambo matatu, weupe ule ule. Hapo ndipo tunapopotea.

Mimi nilipotea mapema. CT ilikuwa bado ngeni kwetu. Alikuja mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi, anatembea mwenyewe, analalamika kwamba mkono wa kulia una ganzi. Nilipompiga picha niliona upande wa kushoto wa ubongo kijiuzi kimoja cheupe, kifupi kama kipande cha njiti. Upande wa pili hakikuwepo. Nilikitazama. Moyo ukaniambia kuna kitu. Halafu nikajiambia kusoma picha si kazi yangu, daktari atakiona. Daktari alikuwa na foleni hadi uani, na picha ikakaa ikisubiri. Ilipofika saa nane mchana mwalimu yule alikuwa amepooza upande mzima, na maneno yamekwisha.

Alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo. Kufundisha hakufundisha tena. Nilikutana naye mara moja sokoni Kayanga, ameshikwa mkono na binti yake. Alinitazama sana, akafungua mdomo, likatoka neno moja: "Ehe." Sijui kama alinitambua. Nilinunua nyanya nisizozihitaji, nikaondoka.

Mzee Yoeli aliletwa miaka kadhaa baadaye, karibu na kustaafu kwangu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Alitoka Nyakatuntu, huko Kyerwa, akiwa na mkewe, Mama Asimwe. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa kahawa, amevaa suti ya kanisani iliyopigwa pasi kwa uangalifu. Fomu yake ilikuwa imeandikwa na daktari wetu kijana, Daktari Neema: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kuanguka mara mbili, mkono wa kulia kulegea kisha kurudi. Mwishoni akaandika neno "pombe" na alama ya kuuliza.

Ile alama ya kuuliza haikunipendeza. Alama kama hiyo humtangulia mgonjwa kila chumba anachoingia.

Lakini niwe mkweli. Nilipomtazama usoni, nami niliiongeza ya kwangu. Macho yalikuwa mekundu, na viganja pia. Midomo ilikuwa imeiva kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Nilipomlaza kwenye kitanda cha mashine, nikajifanya nakaza mkanda wa kichwa, nikainama, nikamnusa. Alinuka sabuni ya kufulia na moshi wa kuni, basi.

Akasema huku amefumba macho, "Mama, hata wewe?"

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamwambia, "Nisamehe, baba."

"Umezoea harufu za watu," akasema. "Kwetu pia wamenizoea hivyo. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa. Jumapili moja nilikuwa nasoma somo, ulimi ukawa mzito, maneno yakachanganyika, Biblia ikaniponyoka mkono huu. Haikufika nusu saa nikawa mzima. Lakini nusu saa hiyo iliwatosha. Wakasema nimepanda madhabahuni nimekunywa rubisi. Wamenisimamisha uzee."

"Na ulikuwa umekunywa?"

"Tangu nibatizwe sijaonja pombe ya ndizi wala ya dukani. Nisogeze kichwa wapi?"

Nikampiga picha. Zilipoanza kutokea kwenye kioo, nilivuta kiti karibu. Mishipa yote ilikuwa myeupe. Ule mshipa mpana wa kisogoni unaobeba damu kutoka kichwani, mweupe. Ile midogo iliyo chini ya ubongo, kulia na kushoto, myeupe, imejichora kama mizizi ya mgomba uliong'olewa. Na juu kidogo, ndani ya ubongo upande wa kushoto, kulikuwa na vidoa viwili vyeusi vidogo, vya zamani. Hivyo nilivijua: ni viharusi vidogo vilivyokwisha pita. Kimoja huenda kilikuwa cha siku ile ya Biblia.

Daktari Neema aliingia, akasimama nyuma yangu. Alikuwa daktari mzuri, mwenye bidii, na alikuwa hajalala vya kutosha wiki nzima.

"Damu imevuja," akasema mara moja. "Tazama, imezagaa chini ya ubongo. Na huku nyuma."

Daktari bingwa wa kusoma picha hatukuwa naye. Picha tulizituma mji wa mbali kwa mtandao, na jibu lilikuja pale mtandao ulipotaka. Daktari Neema hakutaka kusubiri. Akamwambia nesi aandae ile dripu inayovuta maji mwilini ili ubongo usivimbe.

Nikamtazama mgonjwa kupitia kioo cha dirisha. Alikuwa amekaa, anajikuna mikono. Mtu aliyevuja damu kiasi kile kichwani hakai akajikuna.

"Daktari," nikasema, "nipe dakika chache. Picha hii siiamini."

"Mama Koku, wewe ni mpiga picha. Kusoma ni kazi yangu."

"Ndiyo, daktari. Ndiyo maana naomba uisome tena. Damu ikivuja huenda inakotaka. Hii imekaa ndani ya mistari. Kulia na kushoto zimelingana."

Niliona amekasirika, lakini pia niliona jicho lake limerudi kwenye kioo. "Dakika kumi na tano," akasema. "Dripu inasubiri."

Nikaanza kushuku kwa mpangilio. Kwanza mimi mwenyewe: nilikagua mipangilio niliyotumia, ikawa ile ile ya kila siku. Halafu mashine: nikafungua picha ya mama mmoja niliyempiga saa moja kabla, kitanda kile kile, mipangilio ile ile. Mishipa yake ilikuwa kijivu. Mashine haikuwa na kosa. Halafu karatasi: nikashuku kwamba pengine alikopitia walimchoma dawa ya kung'arisha mishipa wasiandike. Nikamfunua mkono, nikakuta alama ya sindano.

"Hii ya nini?"

"Zahanati walinitundikia dawa ya malaria," akasema. "Walisema huenda ni malaria imepanda kichwani."

Hiyo haing'arishi mshipa. Sasa alibaki mgonjwa mwenyewe, na damu yake. Nikaenda maabara karibu nakimbia, kwa goti hili.

Fundi wa maabara alikuwa Swaleh, mtoto wa wenye maduka pale Kayanga, ambao babu yao alitokea Tanga. Kijana mpole, na alikuwa na tabia ya kuificha kazi aliyoishuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Damu ya Yoeli wa Nyakatuntu iko wapi? Majibu hayajafika."

Akashika kidevu. "Hiyo sijaitoa. Nimeandika irudiwe. Mashine imesoma wingi wa damu ishirini na moja."

"Ishirini na moja?"

"Ndiyo nashangaa. Hapa nimezoea kumi, tisa, wakati mwingine nne. Nikajua sampuli imeharibika. Hata kwenye chupa imekaa vibaya, tazama."

Akaiinamisha. Damu ilishuka kwenye kioo polepole, ikiacha utando mzito nyuma yake, kama asali ya msimu wa baridi. Tulitazamana, Swaleh na mimi. Yeye alikuwa amelishuku jibu lake akalifungia ndani. Mimi nilikuwa nimeishuku picha yangu nikaja nayo mbio. Yalikuwa yanasema jambo moja.

"Chukua damu nyingine," nikamwambia. "Sasa hivi, mwenyewe, mbele yangu. Halafu uizungushe kwenye vile vijibomba vya kutenganishia chembe na maji."

Akaja, akatoa. Wakati mashine inazunguka, nilitoka kwenda kwa mke, kwa sababu kulikuwa na shaka moja imebaki. Damu huweza kuwa nzito kwa ugonjwa wake yenyewe, na huweza kuzidishiwa uzito na mtu kukaukiwa maji.

Mama Asimwe alikuwa kwenye benchi la nje, kikapu miguuni, chupa ya uji imetokeza shingo. Nilipokaa karibu naye, alikivuta kikapu upande wa pili. Kidogo tu. Lakini mimi mambo madogo huyaona.

Yeye ndiye aliyeanza. "Dada," akasema chini chini, "hiyo mashine yako inaweza kuona pombe?"

"Haioni pombe. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Mzee anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Anaoga vizuri? Nimemwona anajikuna."

Hapo akachangamka, kama mtu aliyebadilishiwa mada kwa huruma. "Huo mkuno! Akioga maji ya moto tu, anajikuna kama amemwagiwa upupu. Nilidhani mke wa shemeji anaweka kitu kwenye ndoo. Nikaificha ndoo, nikawa nachota maji mwenyewe, na bado akajikuna. Sasa anaoga ya baridi, na hayo kwa nadra."

Nilimsikiliza nikitikisa kichwa. Mkuno wa baada ya kuoga maji ya moto ni dalili inayojulikana ya damu iliyozidi chembe, na hapa ilikuwa imegeuzwa kesi dhidi ya mke wa shemeji.

"Anatapika?" nikauliza.

Akatazama chini. "Asubuhi. Na tumbo linamwendesha."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Akila kwa watu wengine, kwenye msiba au harusi, anatapika?"

Alihamia Kinyambo, kama tufanyavyo wote neno likiwa zito. Akasema kuna mama anayeuza dawa mnadani, aliyempa unga wa mizizi. Mlevi akiwekewa kijiko kimoja kwenye uji, ataikinai pombe mwenyewe bila kugombana. Amekuwa akimwekea kila asubuhi. Hata leo, kabla ya kupanda gari. Akakisogeza kikapu kwangu kwa mguu. Mikono hakutaka kukigusa.

"Nilitaka arudi kuwa mzee wa kanisa, dada. Watu walikuwa wananipita njiani bila kunisalimia."

"Hiyo pombe yenyewe umewahi kuiona?"

"Sijawahi."

"Umewahi kuinusa kwake?"

"Kila siku alipolala nilimnusa. Sijawahi."

"Sasa?"

"Kila mtu alikuwa anasema."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyoinama kumnusa mumewe kabla hata sijawasha mashine, nikayameza. Nikamwambia tu, "Njoo ukamwambie daktari. Sasa hivi. Mimi sitakusemea."

Nilirudi naye. Swaleh alikuwa ameshatangulia, amesimama mbele ya Daktari Neema ameshika kijibomba chembamba kwa vidole viwili. Kwa mtu mzima mwenye afya, damu ikizungushwa, chembe nyekundu hujaza chini ya nusu ya kijibomba au kufikia nusu, na juu hubaki maji ya manjano. Cha Mzee Yoeli kilikuwa chekundu, chekundu, hadi kupita nusu kwa mbali, na maji kidogo tu juu.

Daktari alikitazama. Akamsikiliza Mama Asimwe, ambaye aliongea huku analia na hakupunguza neno. Kisha akarudi kwenye kioo cha picha, akakaa, akapitisha picha moja moja kutoka chini ya ubongo hadi utosini. Alichukua muda. Mwisho akamwita nesi.

"Ile dripu ya kuvuta maji. Imeshafungwa?"

"Bado, daktari. Nilikuwa naenda."

"Iache. Leta ya kuongeza maji."

Mnaelewa kilichokuwa kinakaribia? Mtu damu yake nzito kama uji wa ulezi, amekaushwa kwa miezi na mizizi ya mnadani, na sisi tungemvuta maji yaliyobaki. Mshipa mmoja ungeziba, na kile kiharusi cha nusu saa kingekuwa cha maisha. Nilikaa kwenye kiti changu.

Daktari Neema alipiga simu kwa bingwa, akasimama uani palipo na mtandao mzuri. Aliporudi, alisema mbele ya wote, "Mishipa yote ikiwa myeupe kwa usawa, tafuta damu nzito. Ndivyo alivyosema." Hakunitazama. Jioni ile nilikuta sambusa mbili mezani kwangu, zimefunikwa kwa karatasi ya fomu. Niliuliza nani ameziacha kabla ya kuzila.

Wakampa maji, wakamtoa damu kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Swaleh alisema mwanzoni iliingia kwenye mfuko kwa uvivu, kama haitaki kutoka. Wakamwanzishia aspirini ndogo ya kila siku. Baadaye alipelekwa hospitali kubwa ya kanda, wakathibitisha kwamba uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa, unatengeneza chembe nyekundu bila kupumzika. Ugonjwa huo hauondoki, lakini unachungwa: kutolewa damu, dawa, kunywa maji, kurudi kliniki.

Akiwa bado wodini walikuja wazee wawili wa kanisa kumwona. Mmoja alinitafuta chumbani kwangu, kofia mkononi, kwa adabu sana.

"Mama, tunaomba utuandikie barua. Kwamba picha imeonyesha ndugu yetu hanywi."

"Picha ya kichwa haioni glasi, baba. Inaonyesha damu nzito na viharusi viwili."

"Sasa sisi tutajuaje kama hanywi?"

"Mngemuuliza."

"Tulimuuliza. Alikana."

"Basi mlikuwa na jibu."

Akaivaa kofia, akaivua tena, akaondoka. Sikujua kama nimemsaidia Mzee Yoeli au nimemharibia.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kabla ya hapo Mzee Yoeli alipigwa picha nyingine, nami niliomba niipige mwenyewe. Mishipa ilikuwa kijivu. Niliilinganisha na ya kwanza, nikakagua jina mara tatu, nikamuuliza hata jina la babu yake, kwa kuhofia wamenichanganyia Yoeli wawili. Alikuwa ni yeye.

Mwezi uliopita walikuja hapa nyumbani, yeye na mkewe, kwa bodaboda mbili, wakitokea kliniki. Walileta mkungu wa ndizi na maharage. Tulikaa barazani, kahawa yangu imeanikwa uani. Kanisa limemrudishia uzee wake. Nilimuuliza kama aliwasamehe.

"Waliniomba radhi mbele ya watu," akasema. "Nimewasamehe mbele ya watu. Bado mzee mmoja akinikaribia huwa anavuta pumzi kwa pua. Namwona."

Mama Asimwe aliinuka kwenda kumsaidia binti yangu jikoni. Nilingoja afike mbali asitusikie, kisha nikauliza kile kilichokuwa kinanikera miaka yote hii. Ndivyo nilivyo.

"Mzee, mama alikwambia habari ya unga?"

"Aliniambia siku ile ile, wodini, akiwa amepiga magoti."

"Ulijisikiaje?"

Akatazama viganja vyake. Havikuwa vyekundu tena. "Mama, mimi nilikuwa najua. Uji ulikuwa mchungu tangu siku ya kwanza. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango akikoroga."

"Na ukanywa?"

"Nilikunywa."

"Miezi yote hiyo? Kwa nini?"

"Ningekataa, angesema: umeona, anaogopa dawa kwa sababu kweli anakunywa pombe. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaniacha. Alikuwa amebaki yeye. Nikaona afadhali nitapike."

Nimekaa na picha za vichwa vya watu zaidi ya miaka thelathini, nimevitazama vipande kwa vipande, na jambo lile halikuwa limeonekana popote.

Mama Asimwe akarudi na uji wa ulezi kwenye vikombe vitatu. Akaweka cha mumewe mbele yake, lakini hakukiachia. Alikiinua kwanza yeye, akanywa mafunda mawili makubwa, akasubiri yashuke, ndipo akampa. Ilionekana wamefanya hivyo asubuhi nyingi.

Mzee Yoeli akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akafuta midomo.

"Una sukari kidogo," akasema.

"Sukari umekatazwa," mkewe akajibu.

Akakimaliza chote.